Jibu: Kwa nini wanafunzi wangu wanasinzia saa nane mchana?

Mwalimu, umeuliza kama ni uvivu, maana Nakuru ulikofundisha awali kipindi cha saa nane kilikuwa changamfu na huku Kisumu uliko sasa wanalalia madawati. Mimi lawama naipa joto. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Hapo tu kuna nyuzi nne au tano za tofauti.

Mwili ukipata joto, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi ili upoe, jasho linatoka, na asiyekunywa maji umakini unamshuka. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2020, uliotumia matokeo ya wanafunzi milioni 10, ulikuta kwamba shule isiyo na viyoyozi hupoteza kama asilimia 1 ya mafunzo ya mwaka kwa kila digrii moja ya Farenhaiti (kama nusu nyuzi ya Selsiasi) ambayo joto la mwaka huo wa shule linazidi.

Halafu kuna usiku. Usingizi mzuri unataka joto la mwili lishuke, na kuta zilizopigwa na jua kutwa bado zinafuka joto saa nne usiku. Mtoto anafika shuleni amechoka tayari. (Ugali wa mchana nao una mchango wake, sibishi.)

Somo la Hesabu lihamishie asubuhi. Mchana fungua madirisha ya upande wa ziwa, upepo hutokea huko. Bodi ikipata pesa, waweke dari chini ya mabati kabla ya kufikiria feni.