Kiti cha Karibu na Mlango

Muhula wangu wa kwanza nilikaa safu ya mbele, katikati, kama mwanafunzi mwenye bidii. Siku moja mhadhiri akazima taa na kutuwekea filamu fupi ya manusura wa ukatili wakisimulia waliyotendewa. Dakika mbili hazijaisha, masikio yakaanza kuvuma na viganja vikalowa jasho. Ili nitoke ilibidi niwapite watu wanane. Nikaganda pale pale hadi taa zilipowashwa, daftari halina hata neno moja.

Kwa muda mrefu niliiona ile siku kuwa ni uoga. Kumbe kuganda ni kinga ya mwili, sawa na kukimbia au kupigana, na mtu hakuchagui.

Wewe unayeanza masomo ukiwa na kiwewe cha yaliyokupata moyoni, kaa pembeni, karibu na mlango. Mwili ukijua una pa kutokea, mara nyingi hata hautaki kutoka. Kisha wiki ya kwanza pitia mpango wa somo wote na uweke alama kwenye wiki nzito. Sheria, uuguzi, historia, fasihi, ustawi wa jamii: huko kote utakutana na ubakaji, vita au mtoto aliyepigwa. Makala za wiki hizo zisome mchana, vipande vipande, kamwe si usiku wa kuamkia kipindi.

Kuzungumza na mwalimu ndiko kulikonigharimu zaidi. Niliamini kwamba nikitaka msaada sharti nisimulie kila kitu. Nikamsimulia mmoja ofisini kwake, mlango uko wazi, naye anatupia saa jicho. Nilitoka nikijiona kama nimevuliwa nguo. Huna deni la kumsimulia mtu yeyote. Mwambie unachohitaji, siyo kilichokupata: “Mada ya wiki ya sita ni ngumu kwangu kwa sababu binafsi. Nitakaa karibu na mlango, na huenda nikatoka dakika chache kisha nikarudi. Nikikosa sehemu, naomba nifidie kwa maandishi.” Basi. Akidadisi, rudia hayo hayo. Tena ujue kwamba kwenye baadhi ya vyuo mwalimu akisikia habari za ukatili wa kingono hulazimika kuziripoti, utake usitake. Uliza kabla hujafungua mdomo.

Kumbukumbu zikikushika katikati ya kipindi, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili na utoe pumzi taratibu, ndefu kuliko unayovuta. Kisha hesabu kimoyomoyo: vitu 5 unavyoviona, 4 unavyovigusa, 3 unavyovisikia, 2 unavyovinusa, 1 unachokionja. Nilidhani ni mchezo wa watoto hadi uliponitoa kwenye kumbukumbu na kunirudisha darasani.

Kutoka si kosa, ila toka ukiwa umepanga kurudi. Madaktari wa akili wa Marekani walipoingiza rasmi maradhi ya kiwewe kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 1980, kukwepa kulikuwa miongoni mwa dalili. Ukikimbia bila kurudi unapata nafuu ya saa moja, na ubongo unajifunza kwamba chumba kile kweli kilikuwa hatari. Hata onyo la mwalimu kabla ya mada, ambalo nalipenda, utafiti umeonyesha kwamba peke yake halipunguzi maumivu, na linaweza kukuongezea wasiwasi wa kusubiri. Mimi nalitumia kama ratiba: nakula kwanza, na namwomba rafiki anisubiri nje.

Jinamizi na kushtukashtuka vikizidi mwezi, usingoje muhula uishe. Mtafute mshauri nasaha au daktari. Darasa halitibu.

Na insha kuhusu yaliyokupata mwenyewe, mwaka wa kwanza iache. Mimi niliandika. Ikarudi na alama ya wastani, pembeni kwa wino mwekundu: “hoja haijakomaa”. Nilikaa siku mbili nisijue kilichosahihishwa ni karatasi au ni mimi.