Manowari za kigeni Kilindini: zilibeba nyuklia?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Marehemu babangu alikuwa kuli Kilindini miaka ya 1980. Alizoea kutwambia kwamba manowari za Marekani zilizotia nanga hapa zilikuwa na mabomu ya nyuklia, na serikali haikuuliza. Juzi nimekaa Mama Ngina nala mihogo, ikapita manowari ya kigeni, maneno yake yakanirudia. Alisema kweli? Na leo sheria inaruhusu? – Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba. Mzee alikuwa na haki ya kushuku, lakini kuthibitisha asingeweza, yeye wala yeyote pale gatini. Ndivyo ilivyokusudiwa.

Kwanza, zilifuata nini hapa? Mwaka 1977 Siad Barre, rais wa Somalia, aliwatimua Wasovieti, mahasimu wa Marekani, katika bandari yake ya Berbera. Mwaka 1979 Shah wa Iran, swahiba mkubwa wa Marekani, akaanguka, na Disemba Wasovieti wakaingia Afghanistan. Washington ikahofia mafuta ya Ghuba, ikaanza kutafuta bandari za kuegemea katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1980 ikaafikiana na Kenya manowari zake ziitumie Mombasa. Sisi tuliokuwa vijana twakumbuka zaidi kofia nyeupe za mabaharia mjini, na bei za vinyago zilivyopanda siku hizo!

Sasa hilo la mabomu. Tangu miaka ya 1950 wanamaji wa Marekani walikuwa na jibu moja kwa kila bandari: hatuthibitishi, hatukanushi. Si kiburi tu. Msovieti akijua ni manowari ipi iliyobeba nyuklia, ajua pa kuanzia kupiga. Asipojua, hana budi kuzihofia zote, hata isiyo na kitu.

New Zealand ilikataa mchezo huo. Mwaka 1985 iliizuia USS Buchanan, meli ya kawaida yenye kutumia mafuta, kwa kuwa Marekani haikutaka kutamka kama ina nyuklia au haina. Mwaka uliofuata Marekani ikasitisha ahadi yake ya kuilinda nchi hiyo. Kenya yetu ilipokea wageni bila masharti kama hayo. Kwangu mimi, kutouliza nako kulikuwa sera, wala haikuwa sera ya kijinga kwa nchi iliyokuwa ikihitaji misaada, na yenye Somalia mlangoni.

Mambo yaligeuka Septemba 1991. Rais George H. W. Bush alitangaza kuondoa silaha za nyuklia za masafa mafupi katika meli zote za juu ya maji. Kwa hiyo uliyoiona juzi, ikiwa ni ya Marekani, haikuwa nazo. Makombora ya nyuklia ya baharini wanayabeba katika nyambizi maalumu, na kazi ya hizo ni kujificha.

Tahadhari moja, maana hapa watu huchanganya: meli kuendeshwa kwa kinu cha nyuklia si sawa na kubeba bomu la nyuklia. Zile kubwa za Marekani zinazobeba ndege za kivita huendeshwa kwa vinu. Kinu kina hatari zake, lakini ni suala la usalama wa bandari, si la silaha.

Kuhusu sheria, Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika 2009. Jina ni la kituo cha utafiti wa nyuklia karibu na Pretoria, Afrika Kusini, nchi iliyounda mabomu yake kisha ikayaacha yenyewe. Mkataba wakataza kuweka silaha za nyuklia katika ardhi na maji ya Afrika. Lakini soma kifungu cha 4 hadi mwisho: meli ya kigeni ikija kuzuru bandari, au kusafiri majini mwetu kupita ile haki ya kila meli ya kupita tu kwa amani, kila nchi imeachiwa iamue yenyewe kuiruhusu au kuikataa. Yaani manowari yenye nyuklia ikibisha hodi Kilindini kesho, Pelindaba haiifungii mlango. Wa kuufunga au kuufungua ni Nairobi, na yaweza kuuliza kwanza, kama New Zealand.