Usimpe mwenzako nywila ya portali, hata awe rafiki wa chanda na pete

Dada yangu, umeuliza kama kuna ubaya kumpa rafiki unayemwamini nywila yako ya portali ya chuo akusajilie yuniti (masomo ya muhula), kwa kuwa uko ng'ambo ya Likoni na intaneti yenu inakatikakatika. Nimefanya kazi miaka minane kwenye maabara ya kompyuta ya chuo kimoja hapa Mombasa. Nakuomba usimpe, na sisemi hivyo kwa kumshuku rafiki yako.

Kuna binti wa mwaka wa pili aliyekwama kwenye foleni ya feri siku ya mwisho ya usajili. Akampigia mwenzake, akamsomea nywila herufi kwa herufi. Mwenzake akaingia saiba moja (duka la intaneti) ya Mwembe Tayari, akamsajilia yuniti zote sita, akamtumia na picha ya ukurasa kuthibitisha. Alitenda wema mtupu. Ila brauza ilipomuuliza kama ihifadhi nywila alibonyeza ndiyo, kisha akaondoka bila kutoka kwenye akaunti.

Na yule binti, kama wengi wetu, alitumia nywila hiyohiyo kwenye barua pepe. Baada ya wiki tatu darasa zima likapata ujumbe kutoka anwani yake: mama amelazwa, nichangieni, na namba ya simu isiyo yake. Watu wakatuma. Mwanafunzi mmoja alitoa nauli yake ya kurudi Kwale.

Tulikwenda pamoja hadi ile saiba. Nikafungua ukurasa wa portali, nikabonyeza kisanduku cha jina, na orodha ya namba za usajili ikashuka. Nilihesabu 31. Ukichagua yoyote, vitone vya nywila vinajijaza vyenyewe. Baadhi ya wenye namba hizo nawajua kwa sura, hukaa safu ya mbele maabara. Mwenye saiba hakuwa na habari. Alituruhusu tukazifuta zote palepale.

Kilichoniuma zaidi ni yaliyofuata. Kumbukumbu za mfumo hazijui ni kidole cha nani kimebonyeza; zinajua akaunti tu. Binti aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, akaeleza mara tatu jambo ambalo hakulifanya. Tena alikuwa amekaa siku tano akiona haya kutuambia, na katika siku hizo ujumbe uliendelea kutoka. Yeye na mwenzake mpaka leo hawasalimiani.

Kwa hiyo jambo lolote la namna hii likikufika, nenda ofisi ya kompyuta siku hiyohiyo. Hutasumbua mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakitaka chuo kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kijue kwamba taarifa za watu zimevuja na zinaweza kuwadhuru, na hakiwezi kujua usipokiambia. Na wanaoingia akaunti za wenzao "kwa mchezo" waelewe kwamba sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 inaweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Kuhusu usajili wako: portali nyingi hufunguka kwenye simu, na ukurasa ule hauli bando kubwa. Jaribu alfajiri, watu wakiwa wachache. Ikishindikana kabisa, pitia kwa msajili kabla ya siku ya mwisho umweleze. Ukilazimika kutumia saiba, fungua dirisha la faragha la brauza, lile lisilohifadhi ulichoandika, andika mwenyewe, toka kwenye akaunti, ndipo ufunge.

Nywila yenyewe iwe ndefu: maneno manne yasiyohusiana, tuseme kitu cha jikoni, mnyama, rangi na mtaa. Jina lako na mwaka wa kuzaliwa hukisiwa haraka mno. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya nywila uombwe pia kitu cha pili, kama msimbo unaoletwa kwenye simu yako.

Na kama ulishampa, badilisha usiku huu, ukianza na ya barua pepe, kisha uondoe vifaa vyote usivyovitambua kwenye akaunti hiyo. Nasema uanze na barua pepe kwa sababu ukiomba nywila mpya ya portali, kiungo hutumwa huko.