Jibu: mama wa miaka 74 anakosa choo siku nne
Dada, pole na mama. Umesema anapata choo kigumu kila baada ya siku nne na papai anakula kila siku. Basi mimi ningeanza na vidonge vyake. Vya kuongeza damu, dawa kali za maumivu kama tramadol, hata baadhi ya zile za presha, hufunga choo. Msimwachishe wenyewe; bebeni zote mkamwonyeshe daktari.

Halafu maji. Uzeeni kiu hupungua, mtu anashinda na kikombe kimoja cha chai wala haoni shida. Mpe kidogo kidogo kutwa, ila kama ana tatizo la moyo au figo ulizeni kwanza kiasi. Dona, maharage na mchicha ni vizuri, ongezeni polepole: nyuzinyuzi bila maji zinaweza kumfunga zaidi.

Akishakunywa chai ya asubuhi akae chooni bila haraka, maana utumbo huamka baada ya kula. Kama ni choo cha kukaa, miguu iwe juu ya kigoda.

Damu kwenye choo au kukonda, apimwe mapema. Tumbo likijaa na akatapika, hospitali leo leo.