Pavillon Rouge si Château Margaux bandia

Ukiona chupa ya Pavillon Rouge yenye jina la Château Margaux, unaweza kudhani ni Château Margaux ya kuigiza. Si bandia. Chupa hiyo ya Pavillon Rouge ni mvinyo wa pili wa Château Margaux yenyewe, shamba maarufu la mvinyo kule Bordeaux, Ufaransa: shamba lile lile, mafundi wale wale. Jina lenyewe limetumika tangu 1908, likalala kuanzia miaka ya 1930, likafufuliwa baada ya familia ya Mentzelopoulos kununua shamba mwaka 1977.

Tofauti iko kwenye uchaguzi. Zabibu za kila kipande cha shamba hutengenezwa mvinyo peke yake, kisha mafundi wanaonja. Unaofaa kukaa miongo unaingia kwenye mvinyo mkuu, ule unaoitwa Château Margaux. Mwingine, hasa wa mizabibu michanga, unakwenda Pavillon. Ndiyo maana ukakasi wake ni mdogo na unanyweka mapema, wakati kaka yake bado amenuna chupani. Na siku hizi hata huo wa pili nao unachujwa: tangu mavuno ya 2009 kuna wa tatu, Margaux du Château Margaux.

Ila soma lebo vizuri. Margaux ni jina la kijiji pia, na mashamba kibao ya pale yana haki ya kuliandika, kwa hiyo neno hilo peke yake halithibitishi kitu. Halafu "wa pili" haimaanishi wa bei poa. Unafuu wake ni kwa kuulinganisha na mkuu tu. Ukiuziwa kwa bei ya mvinyo wa kawaida wa supamaketi, hapo ndipo pa kutilia shaka.