Tovuti zinazohifadhi nembo na matangazo ya zamani ya televisheni: ipi ya kuigwa?

Assalaam aleikum wanajukwaa.

Ndugu yetu wa Lamu ameuliza juma lililopita swali ambalo halikupata jibu la maana. Amerithi kwa marehemu babake sanduku la kanda za video, na ndani yake, baina ya harusi na mechi za mpira, mna vipande vya televisheni ya zamani: nembo ya stesheni ikizunguka, saa ya kabla ya taarifa ya habari, mtangazaji wa zamu akiwaaga watazamaji, bendera na wimbo wa taifa wa kufungia stesheni. Anataka kujua, kati ya tovuti za mashabiki wa ng'ambo wanaohifadhi vipande vya namna hii, ipi ni bora, ili aiige au awakabidhi kanda zenyewe. Nimezizoea tovuti hizi kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na kabla ya hapo nilikuwa na duka la kukodisha kanda hapa Malindi, kwa hiyo nitajibu kwa urefu na mtanisamehe.

Nianze na wale waliomcheka na kumwambia kwamba stesheni zenyewe zina maktaba. Maktaba huhifadhi vipindi, tena si vyote. Kile kilichopita baina ya kipindi na kipindi kilikuwa kikitoka hewani moja kwa moja, na aghalabu hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kukirekodi. Tufe la dunia la BBC1, ambalo wengi hudhani lilikuwa filamu iliyorudiwarudiwa, lilikuwa kifaa cha kweli: mfano mdogo wa dunia uliozungushwa na mota mbele ya kioo, ukitazamwa na kamera ya nyeusi na nyeupe, na rangi ikitiwa kwa umeme njiani. Februari 1985 kompyuta ikachukua nafasi yake. Tufe lile lilizunguka papo hapo kila lilipoonyeshwa, na sehemu kubwa ya tunachokiona leo tumekipata kwa sababu mtu nyumbani aliwahi kidogo kubonyeza kitufe, au alichelewa kuzima deki baada ya mchezo wa kuigiza kwisha. Kwetu sisi hali ni hiyohiyo au mbaya zaidi.

Sasa tovuti zenyewe. TV Ark ya Uingereza ndiyo wengi huanza nayo, na mimi nilianza nayo, nikiwa nimekaa kwenye saibakafe nikilipa kwa dakika, enzi ambazo klipu zilikuwa za RealPlayer, programu ya zamani ya kuchezea video, na picha haizidi ukubwa wa stempu. Imepangwa kama ghala lenye rafu: stesheni, kisha eneo, kisha kipindi cha miaka. Mpango huo wa maeneo una maana kubwa huko, kwa kuwa ITV, televisheni ya biashara ya Uingereza, haikuwa stesheni moja. Yalikuwa makampuni ya mikoa, kila moja na nembo yake na watangazaji wake, hata London peke yake ilikuwa na mbili, Thames siku za kazi na LWT mwisho wa juma, mpaka Thames ilipopoteza leseni na kufunga mwisho wa 1992. Ukitaka kuiona Channel 4 ilivyoanza tarehe 2 Novemba 1982, na ile nne yake ya vipande vya rangi vinavyoruka na kukutana, hapo utaipata bila kutafuta sana. Kasoro ninayoiona kwayo ni moja. Klipu nyingi zimekatwa kichwa na mkia. Unaiona nembo, safi kabisa, lakini huoni kilichoitangulia wala kilichoifuata, kama samaki aliyeletwa mezani minofu mitupu, nawe ulitaka kujua ni samaki gani.

Transdiffusion, ambayo pia ni ya Uingereza, ni ya tabia nyingine. Kikundi hicho kilianza 1964, kabla deki za video hazijaingia majumbani, kwa hiyo mizizi yake iko katika kanda za sauti na katika maandishi. Huendi huko kutazama tu. Unakwenda kusoma kwa nini mtangazaji wa zamu alisema alivyosema, nani aliketi chumba gani, na kampuni ipi ilimkabidhi nani mitambo saa ngapi. Baadhi ya makala ni marefu mno na yana mapenzi ya kupita kiasi kwa makampuni yaliyokufa zamani, lakini ukiyasoma matatu au manne utaanza kusikiliza kanda zako kwa masikio mengine.

Ila iliyonifundisha kazi ni FuzzyMemories ya Marekani, ambayo jina lake rasmi linasema ni makumbusho ya televisheni ya Chicago. Picha zake nyingi zina mawimbi na chengachenga, na rangi imepauka. TV Ark huishinda kwa mbali kwa usafi. Tazama lakini kile kilichoandikwa chini ya klipu. Dakika tano za matangazo ya usiku zimeorodheshwa kitu baada ya kitu kwa mfuatano wake: tangazo la duka la samani, sauti ya nani imesoma, kipande cha kuhimiza filamu ya kesho, kitambulisho cha stesheni, mwanzo wa kipindi kilichofuata. Mwishoni wanaandika siku ya juma, tarehe, mwaka, na mara nyingi saa ya kukisia. Hawajakata kitu. Faida yake inaonekana katika kisa cha usiku wa tarehe 22 Novemba 1987, mtu asiyejulikana mpaka leo alipoyaingilia mawimbi ya stesheni mbili za Chicago, WGN na kisha WTTW, akatokea amevaa kinyago cha Max Headroom, mhusika wa kubuni wa televisheni wa enzi hizo. Ushahidi uliobaki unatazamwa leo kwa sababu watazamaji wa kawaida walikuwa na deki zinazorekodi, na kwa sababu walihifadhi kanda nzima na kuandika ilikuwa usiku gani. Klipu ileile bila tarehe ingekuwa kichekesho tu.

AVID, tovuti ya mashabiki wa nembo ambayo zamani ilikuwa kikundi cha Closing Logos, nitaipitia upesi. Wao hueleza nembo kwa maneno: umbo, mwendo, sauti, hata kwa miaka mingi waliandika nembo inatisha kiasi gani, jambo lililonichekesha mpaka mjukuu wangu alipoikimbia moja. Msidharau maelezo ya maneno. Anayetumia bando la shilingi ishirini anaweza kusoma ukurasa mzima wa AVID kwa gharama ya sekunde chache za video. Na jumba walilokuwa wamepanga, yaani Wikifoundry, huduma iliyobeba tovuti yao, lilipofungwa 2021, maandishi yalihamishika.

Hilo la kufungwa ndilo linalonifanya nimwambie ndugu yetu asimkabidhi mtu yeyote kanda zake na kubaki mikono mitupu. Tovuti ya mashabiki ni mtu mmoja au watu watatu, na mmoja wao ndiye anayelipia seva. TV Ark yenyewe ilipitia kipindi kirefu cha kufumuliwa na kujengwa upya, watu tukigonga mlango na hakuna wa kufungua. Video zilizotegemea Flash, programu ya zamani ya kuonyeshea video kwenye tovuti, zilizimika zote ilipofika mwisho wa 2020, isipokuwa zilizogeuzwa mapema. Mimi niliweka klipu zangu kwenye mtandao mmoja mkubwa wa video, sitautaja, na akaunti ikafungwa kwa ajili ya muziki uliokuwa ukipigwa nyuma ya picha ya majaribio, ile iliyosimama kwenye skrini wakati hakuna kipindi. Muziki ule hata sikuuchagua. Uliwekwa na stesheni kabla sijaoa. Siku hizi nakala ninayoitegemea ipo Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ambayo si ya mashabiki wa nembo hasa, ila ndiyo iliyopokea kanda zipatazo 70,000 za Marion Stokes, yule mama wa Philadelphia aliyerekodi televisheni mchana na usiku tangu miaka ya 1970 hadi alipofariki 2012. Kupata kitu humo ni kazi, kwa sababu kila mtu huandika jina la faili anavyopenda. Kukipoteza ni kazi zaidi.

Basi jibu langu ni hili: mpangilio aige wa TV Ark, maandishi aige ya FuzzyMemories, na kama itambidi achague moja, achague maandishi. Nitamwonyesha kwa kanda moja niliyoshughulikia mwenyewe.

Aliniletea jirani yangu wa Shela, Shela ya hapa Malindi, kanda ya E-180, ile ya saa tatu, isiyo na lebo. Mna kipande cha mtangazaji wa zamu wa KBC akitoa salamu za Idi-el-Fitri na kusema filamu ya leo Jumamosi itafuata baada ya habari. Mbele kidogo, baada ya mpira uliorekodiwa juu yake, mna salamu za Pasaka. Jirani alisema ni ya "zamani zile", basi. Nembo ilikuwa ya KBC, na jina hilo lilirudi 1989 likichukua nafasi ya Sauti ya Kenya, kwa hiyo si kabla ya hapo. Mwenye kanda aliondoka kwenda Muscat mwisho wa 1993 na deki akaiuza, kwa hiyo si baada ya hapo. Imebaki miaka mitano. Mwaka 1989, 1990 na 1991 Pasaka ilitangulia na Idi ikafuata; kanda inasema kinyume. Imebaki 1992 na 1993. Mwaka 1993 Idi iliangukia katikati ya juma, mwisho wa Machi. Mwaka 1992 iliangukia Jumamosi au Jumapili ya mwanzo wa Aprili, kutegemea mwezi ulionekana wapi, na Pasaka ikawa tarehe 19. Nikaandika chini ya klipu: Jumamosi, tarehe 4 Aprili 1992, pamoja na hoja zote nilizozipitia, ili atakayekuja na ukurasa wa ratiba wa gazeti la siku hiyo aweze kunithibitisha au kunisahihisha. Waingereza wana kazi nyepesi zaidi, kwani tangu 2014 BBC imeziweka wazi mtandaoni ratiba za Radio Times, jarida lake la ratiba, za 1923 hadi 2009 katika mradi wa Genome. Sisi tuna kalenda ya Hijria na kumbukumbu za nani alisafiri lini, na kama mlivyoona, zinatosha.

Angalizo la mitambo, maana hapa nilikosea na sitaki mtu arudie. Picha yetu ilikuwa ya mfumo wa televisheni wa PAL, mistari 625, na kila sekunde ina nusu-picha 50 zinazopishana. Programu nyingi za kuhamisha kanda huziunganisha zikawa picha 25 tu. Kwenye harusi huoni tofauti kubwa, lakini kwenye nembo inayozunguka mwendo unakuwa wa kushtukashtuka, na maandishi yanayotambaa chini ya skrini yanaota meno kama msumeno. Nilihamisha kanda zangu ishirini za mwanzo kwa njia hiyo, nikaridhika, nikazigawa kanda zenyewe kwa fundi mmoja aliyetaka vipuri. Sitazipata tena. Hifadhi faili la kwanza kama lilivyotoka kwenye deki, nusu-picha zote 50, hata likiwa zito. Lile jepesi la kuweka mtandaoni litengeneze kutoka kwalo. Usinyooshe picha ijaze skrini pana ya siku hizi. Wala usiweke jina lako katikati ya picha; kama ni lazima, liweke kwenye maelezo.

Na sasa nimgeukie ndugu yetu mwenyewe. Umesema kanda sita zimekaa darini pamoja na nyavu, na moja ukiitazama dirishani ina unga mweupe pembeni mwa mkanda. Huo ni kuvu, hewa yetu ya bahari ndiyo iliyouotesha, na ukiitia kanda hiyo kwenye deki kuvu itashika kichwa cha deki na kuzichafua zile tano nyingine zitakazofuata. Itenge kwenye mfuko wake mahali pakavu, isipigwe na jua. Zile tano zisimamishe wima kama vitabu, vunja kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni ili zisirekodiwe juu yake kwa bahati mbaya, kisha mkalishe mama yako, mwulize kila moja ilirekodiwa nyumba gani, deki ilikuwa ya nani na nani alikuwa hajasafiri bado, uyaandike anavyoyasema. Yeye ndiye mwenye tarehe zako. Nitapanda basi la Lamu baada ya Maulidi nikiwa na deki yangu na vifaa vya kusafishia, na ile ya sita tutaifungua pamoja.