Laptopu inaishiwa chaji ikiwa imelala: usikimbilie kununua betri

Umefunga laptopu usiku ikiwa na asilimia 90, asubuhi unaikuta na 55. Wengi hapo huhitimisha kwamba betri imekwisha. Nimeona watu wakinunua betri mpya, fundi akaifunga vizuri kabisa, na kabla wiki haijaisha malalamiko ni yaleyale. Tatizo hili nimelishughulikia kwenye mashine zangu na za jamaa wanaoniletea, na mara nyingi betri haikuwa na kosa. Mfuniko ulikuwa umefungwa, ila kompyuta haikuwa imelala.

Kwa hiyo kabla hujabadilisha chochote, jua kwanza kama mashine yako inalala kweli, na kama hailali, ni nini kinachoiamsha. Majibu yote mawili yamo ndani ya kompyuta yenyewe. Huweka kumbukumbu za usiku mzima, na kuzisoma si kazi ya fundi peke yake.

Usingizi wa siku hizi si ule wa zamani

Laptopu za zamani zilikuwa na usingizi unaoitwa kitaalamu S3. Prosesa inazimwa, diski inazimwa, feni inanyamaza, na kinachobaki na umeme ni memori tu ili kazi ulizoziacha wazi zisipotee. Mashine nzuri ikilala hivyo unaweza kuiacha siku kadhaa na bado ukakuta chaji.

Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hazina tena S3. Zina Modern Standby, inayojulikana pia kama S0, iliyokuja na Windows 10 mwaka 2015 baada ya toleo lake la awali kuonekana kwenye Windows 8 mwaka 2012. Hapa kompyuta haijizimi. Inazima skrini, inapunguza matumizi hadi chini kabisa, lakini inabaki tayari kupokea barua pepe na masasisho, kama mlinzi anayesinzia jicho moja likiwa wazi. Ukifungua mfuniko, skrini inawaka papo hapo, na hilo ni jambo zuri. Ubaya wake ni kwamba programu moja au draiva moja (programu ndogo inayoendesha kifaa, kama kadi ya Wi-Fi) isiyotulia inatosha kuifanya kompyuta ikeshe.

Kujua yako ni ya aina gani, fungua Command Prompt, lile dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike `powercfg /a`. Itakuorodheshea aina za usingizi ambazo mashine yako inazo na zile isizonazo. Ukiona S3 juu, uko upande wa zamani. Ukiona S0 Low Power Idle, uko upande mpya. Usiruke hatua hii, maana dawa za pande hizi mbili hazifanani, na ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni umeandikwa bila kutofautisha.

Pima kabla ya kukisia

Asilimia pekee haisemi mengi. Ibadilishe iwe wati. Tuseme betri yako ina uwezo wa saa-wati 50, na usiku wa saa 8 umepoteza asilimia 28. Hiyo ni saa-wati 14. Gawanya kwa 8, unapata wati 1.75 kwa wastani.

Kipimo ninachotumia mimi ni hiki. Ikiwa wastani uko chini ya nusu wati, mashine imelala vizuri, na kwa betri kama hiyo utapoteza chini ya asilimia 8 usiku mzima. Kati ya wati 1 na 2, inalala na kuamka, inalala na kuamka. Ikifika wati 4 na kuendelea, haikulala kabisa, ilizima skrini tu. Hesabu hii ndogo inakuonyesha uanze kutafuta wapi, na inakuepusha na kuhangaika na mipangilio isiyohusika.

Usiku unaofuata fanya jaribio la pili: izime kabisa. Kwenye Windows, shikilia kitufe cha Shift unapobofya Shut down, kwa sababu kuzima kwa kawaida, pale Fast Startup (mbinu ya Windows ya kuwaka haraka) inapokuwa imewashwa, si kuzima kamili. Asubuhi angalia. Betri ya lithiamu iliyokaa bure hupoteza asilimia chache kwa mwezi mzima, si kwa usiku mmoja. Kama chaji imebaki palepale, betri yako haina hatia na shida iko kwenye usingizi. Kama imeshuka hata ikiwa imezimwa, kuna kitu kinanyonya umeme, na mara nyingi ni tundu la USB lililowekwa kuchaji simu hata kompyuta ikiwa imezimwa. Mpangilio huo huwa ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine unayoiingia kabla Windows haijaanza. Uzime, kisha rudia jaribio.

Ukiwa hapo hapo kwenye Command Prompt, andika `powercfg /batteryreport`. Itatengeneza faili unalolifungua kwa kivinjari. Linganisha mistari miwili: Design Capacity, yaani uwezo betri ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, yaani uwezo wake leo. Kama ilianza na 50,000 mWh (yaani saa-wati 50) na leo inabeba 30,000, kila asilimia unayoiona kwenye skrini ni ndogo kuliko zamani, kwa hiyo itaonekana kushuka haraka hata mashine ikiwa imelala fofofo. Dalili nyingine ya betri iliyochoka ni kuruka: ulikuwa na 40, ghafla una 12. Hiyo si unyonyaji wa usiku, na hapo ndipo kununua betri kunaleta maana.

Kumtafuta anayekesha

Kwa mashine za S0, chombo ninachokithamini kuliko vyote ni ripoti ya usingizi. Bofya kulia kwenye Command Prompt, chagua Run as administrator, andika `powercfg /sleepstudy`. Mwishoni itakuonyesha mahali faili lilipohifadhiwa. Ripoti hiyo inaonyesha siku 3 zilizopita, kila kipindi cha usingizi na rangi yake: kijani kama mashine ilitulia, nyekundu kama ilikuwa na pilikapilika.

Kwenye laptopu yangu niliona vipindi vifupi vya kijani mwanzoni mwa usiku, kisha kimoja kirefu chekundu hadi alfajiri. Nilipobofya kile chekundu, ilifunguka orodha ya wanaokula muda zaidi, na juu kabisa palikuwa na kadi ya Wi-Fi, ikiwa hai karibu muda wote wa kipindi. Hakukuwa na programu yangu yoyote hata karibu yake. Nilikwenda kwenye ukurasa wa watengenezaji wa laptopu, nikatafuta modeli yangu kamili, nikapakua draiva ya Wi-Fi ya hivi karibuni na pia sasisho la BIOS. Usiku uliofuata mstari ulikuwa kijani kutoka mwanzo hadi mwisho. Draiva hizi chukua kwa waliotengeneza laptopu yenyewe kwanza, kwa sababu ile inayoletwa moja kwa moja na Windows Update wakati mwingine ni ya jumla mno.

Ndani ya kila kipindi utaona pia asilimia mbili, SW DRIPS na HW DRIPS. Ya kwanza inaeleza ni muda gani programu na draiva ziliiruhusu mashine ilale usingizi wa chini kabisa. Ya pili inaeleza ni muda gani vifaa vyenyewe viliufikia. Zote zikiwa juu ya 90, sina wasiwasi. SW ikiwa chini, kuna programu au draiva isiyotaka kutulia. SW ikiwa juu lakini HW iko chini, usipoteze muda kufunga programu: shida iko kwenye vifaa au BIOS.

Ukiwa na mashine ya S3, maswali ni mengine, maana yenyewe ama imelala ama imeamshwa. `powercfg /lastwake` inakuambia kilichoiamsha mara ya mwisho. `powercfg /waketimers` inaonyesha kazi zilizopangiwa saa ya kuiamsha, na mara nyingi utakuta sasisho limepangwa usiku wa manane. `powercfg /devicequery wake_armed` inaorodhesha vifaa vyenye ruhusa ya kuiamsha, na humo utakuta kipanya, kibodi na kadi ya mtandao. Ingia Device Manager, fungua kifaa husika, kwenye ukurasa wa Power Management ondoa alama kwenye ruhusa ya kuamsha kompyuta. Mimi huwa naiachia ruhusa hiyo kibodi pekee.

Kipanya kisichotumia waya kinahitaji kutajwa peke yake. Watu wengi huacha kile kipokezi kidogo kimechomekwa kwenye USB, wanatia laptopu na kipanya kwenye begi moja, wanaondoka. Kila begi linapotikisika kipanya kinatuma ishara, na mashine yenye ruhusa hiyo inaamka ndani ya begi lisilo na hewa. Umewahi kutoa laptopu kwenye begi ukakuta ni ya moto na feni inavuma? Hilo nalichukulia kwa uzito kuliko chaji iliyopotea, kwa sababu joto ndilo linalozeesha betri ya lithiamu haraka. Chaji utairudisha kwa saa moja. Uwezo uliopotea kwa joto haurudi.

Kama kompyuta inakataa kulala tangu mwanzo, `powercfg /requests` ndiyo ya kuandika, tena kabla hujafunga mfuniko. Itakutajia kinachoizuia wakati huohuo. Mara nyingi ni sauti: kuna ukurasa wa kivinjari wenye video ambayo umeisahau.

Mac na Linux kwa ufupi

Kwenye Mac, fungua Terminal na uandike `pmset -g log`. Ni ndefu, kwa hiyo tafuta ndani yake neno DarkWake, yaani kuamka bila kuwasha skrini. Ukiliona mara nyingi usiku, soma sababu iliyoandikwa pembeni yake. `pmset -g assertions` inataja programu zinazozuia usingizi. Kisha nenda kwenye mipangilio ya betri uzime kuamka kwa ajili ya mtandao.

Kwenye Linux soma faili moja tu: `cat /sys/power/mem_sleep`. Neno lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo linalotumika. Likiwa s2idle na pembeni kuna deep, mashine yako inaweza kulala usingizi wa S3 ila haijaambiwa. Ongeza `mem_sleep_default=deep` kwenye vigezo vya kerneli (kiini cha Linux), washa upya, na ujaribu kulaza na kuamsha mara kadhaa kabla ya kuiamini na kazi muhimu.

Dawa ninayoitumia kila siku

Hata baada ya kurekebisha draiva, mashine za S0 siziachi zisinzie usiku kucha. Nazipangia usingizi mzito, ule wa Hibernate. Tofauti yake ni kwamba kila kilichoko kwenye memori kinaandikwa kwenye diski, halafu umeme unakatwa. Ukiwasha, unakuta dirisha lako lilelile, sentensi uliyoiacha katikati ikikusubiri. Unalipa sekunde kadhaa za kusubiri, na nafasi ya diski ya gigabaiti kadhaa kwa faili la hiberfil.sys.

Kama chaguo hilo halionekani, andika `powercfg /hibernate on` ukiwa msimamizi. Kisha kwenye Power Options ya Control Panel weka mpangilio wa Hibernate after, upande wa betri, uwe dakika 60. Hivyo ukifunga kwa muda mfupi inaamka haraka, na ukiisahau hadi kesho inajizima yenyewe. Anayebeba laptopu kwenye begi kila siku namshauri aende mbali zaidi: kufunga mfuniko kuwe ndiyo Hibernate moja kwa moja.

Tabia nyingine ndogo: chomoa chaja kwanza, ndipo ufunge mfuniko. Baadhi ya mashine za S0 zikilazwa zikiwa kwenye chaja huendelea na pilikapilika za kwenye chaja hata ukiichomoa baadaye.

Utakutana pia na ushauri wa kuhariri rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake ya ndani) ili kuilazimisha S3 irudi. Sikushauri. Kama BIOS ya mashine yako haina S3, mabadiliko hayo hayaiumbi. Unaweza kubaki na kompyuta isiyo na usingizi wowote, au iliyolala ikakataa kuamka na kazi zako zikapotea. Ila ingia BIOS uangalie, maana watengenezaji wachache wameacha chaguo la aina ya usingizi humo, na likiwepo basi lichague bila woga.

Ukifanya yote haya na bado chaji inaondoka, mpelekee fundi zile ripoti mbili, ya betri na ya usingizi, kwenye flashi, pamoja na matokeo ya ule usiku ulioizima kabisa. Mwambie asome kabla hajafungua skrubu. Na kama pedi ya kugusia imeanza kuinuka au mfuniko wa chini umetuna, usifanye jaribio lolote kati ya haya: betri imevimba. Izime, usiichaji tena, usiibonyeze, na iondolewe na anayejua kazi hiyo siku hiyohiyo.